Nusu ya Kadi

Nilimkuta kaka yangu amemkalia kifuani mwanaume ninayempenda, katikati ya viti vidogo vya plastiki, anamshindilia ngumi za uso.

Macho yaliona, akili ikakataa. Kaka yangu ana duka la nyama na mtaa mzima unamwita Bucha. Mkono wake mmoja unaning'iniza paja la ng'ombe bila yeye kuhema. Aliyekuwa chini ni Mwalimu Twiga, mlezi wa watoto katika kituo hiki, mrefu mpaka huinama kwenye milango ya watu, mpole mpaka watoto wa miaka mitatu humfanya farasi. Damu ilikuwa imetapakaa kwenye mkeka wa herufi, na ukutani bata na sungura waliochorwa na watoto walikuwa na matone mekundu.

"Kaka!" nilipiga kelele. "Kaka, unafanya nini?"

Bucha hakugeuka. "Nimemwambia mara tatu," alisema huku akihema. "Mara tatu! Mimi mjomba wa mtoto, nimetumwa na mama yake. Yeye anasema kadi. Kadi, kadi! Kwani hapa ni benki?"

Mimi nilijua kadi gani. Nilijua pia kosa ni la nani, na kabla sijaendelea na ngumi za kaka yangu, acha niseme langu.

Nashona kola kiwandani. Shati lina mengi, lakini mimi nashona kola tu, kutwa. Kazi inaanza saa moja asubuhi, na simu zetu zinabaki langoni kwenye sanduku lenye kufuli. Mtoto wangu ana miaka mitatu na nusu, na ana alama ndogo nyeusi shavuni, ndiyo maana tunamwita Kidoti. Tangu aanze kutambaa nimejaribu kila njia ambayo mwanamke mwenye ajira hujaribu. Nilianza na msichana wa kazi. Siku ya nne aliondoka, akampitisha mtoto dirishani kwa jirani kama anayerudisha sufuria. Nikahamia kwa mama mmoja anayelea watoto kumi na mmoja katika chumba kimoja. Kila nikipita, hata saa nne asubuhi, wamelala wote. Nikajiuliza, watoto gani hawa wastaarabu hivi, mpaka siku niliyoinua mto nikakuta chupa ya dawa ya kikohozi. Basi nikampeleka kwa mama yangu mzazi, nikapumua. Mwezi wa pili mama akampa mtoto baba yake.

Baba yake ni Dereva. Jina alilopewa na wazazi wake sitaki kulitia mdomoni. Nilikaa naye miaka minne. Alinivunja mfupa wa bega, akaning'oa meno mawili, na kila mara nyumbani kwetu nilisema nimeteleza bafuni, kwa sababu aibu ni kitu kibaya sana. Kwa hiyo kwetu walijua nina mume mzuri na bafu baya. Nilipomkimbia hawakunielewa, na mama aliona anatenda wema kumkabidhi Kidoti kwa baba yake "wasalimiane". Walisalimiana siku mbili. Nilizunguka mji mzima siku hizo mbili, na nilipowapata Dereva alinipasua jicho kwanza ndipo akaniachia mtoto.

Kesho yake asubuhi nikaja hapa na jicho hilo. Mwalimu Twiga hakuuliza nimeteleza wapi. Aliinama mpaka tukalingana, akasema, "Niambie unataka nini."

"Usimpe mtu yeyote mtoto wangu."

"Sawa."

"Hata akija mama yangu. Hata akija mtu akasema nimekufa."

"Hata ukija wewe mwenyewe?" aliuliza.

Nikafikiria Dereva anavyoweza kunishika shingo nje ya lango na kuniambia ingia umchukue. "Hata mimi," nikasema. "Kama sina kitu cha kuonyesha."

Akachukua kadi ngumu, Kidoti akachora juu yake kitu alichodai ni samaki. Mwalimu akaikata katikati kwa mkasi, akiupindapinda mkato kwa makusudi. Nusu yenye kichwa akaitundika kwenye msumari wa Kidoti, juu ya begi lake. Nusu yenye mkia akanipa mimi. Mikato ikikutana, mtoto anatoka. Isipokutana, anabaki. Wazazi wengine walipoona, wote wakataka za watoto wao.

Miezi minane nilimwona mwanaume huyu mara mbili kwa siku, dakika tano asubuhi na dakika tano jioni, mlangoni. Mapenzi yangu yote yako kwenye dakika hizo. Nilimwona akipiga goti kumfunga Kidoti viatu, akamaliza, akabaki amepiga goti, akiniangalia kutoka chini kama aliyesahau njia ya kusimama. Siku moja aliondoa uzi uliokuwa umeng'ang'ania nywele zangu, akaushika kati ya vidole, akasema, "Leo mlishona bluu." Usiku huo sikulala vizuri. Mtu aliyeng'olewa meno mawili akianza tena kutabasamu mbele ya mwanaume, si jambo dogo.

Nilipofungua mdomo nyumbani, ikawa vita. Mama alisema mume wangu ni baba wa mtoto wangu, basi. Bucha alicheka mpaka akakohoa. "Mwanaume anayefuta watu makamasi kwa mshahara? Dereva ana matatizo yake, lakini angalau ni dume!" Lile bafu baya lilikuwa bado limeniziba mdomo.

Sasa kosa langu. Jana nilifua sare ya kazini na nusu ya kadi ikiwa mfukoni. Asubuhi nilichomoa donge la karatasi lililoloana, mkia wa samaki umekuwa uji. Nilikuwa nimechelewa, nikasema nitamwambia Mwalimu jioni, atanikatia nyingine. Saa tisa msimamizi akatangaza tunabaki mpaka saa moja usiku, kuna mzigo. Kituo kinafungwa saa kumi na moja na nusu. Akaniazima simu yake dakika moja, na namba pekee ninayoijua kwa kichwa ni ya kaka yangu, tangu utotoni.

"Kaka, nichukulie Kidoti. Sema tu nimekutuma mimi."

Mimi, niliyeomba kanuni ile kwa jicho lililovimba, ndiye niliyesema hivyo. Saa kumi na moja kasorobo umeme ukakatika, mashine zote zikanyamaza, msimamizi akatufukuza. Nikakimbia njia nzima kutoka kiwandani nikidhani naenda kuwaomba watu wawili radhi.

Watoto wengine walikuwa wameshachukuliwa. Nilimrukia Bucha mgongoni. Alinitikisa nikaangukia rafu ya vitabu.

"Mwambie!" alinguruma. "Mwambie umenituma!"

"Nimemtuma, Mwalimu," nilisema huku nikitambaa. "Kosa langu. Kadi niliifua. Mwachie mtoto, tafadhali, atakuua."

Mwalimu Twiga aligeuza uso. Jicho moja lilikuwa limefunga, mdomo umepasuka mpaka karibu na pua. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeushika mguu wa meza ya rangi, na ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Bucha alikuwa ameukanyaga. Vidole havikuachia.

"Gari," alisema.

"Gari gani?"

"Muulize. Nani yuko. Kwenye gari."

Chini ya ile meza kitu kilisogea. Uso wa Kidoti ukachungulia, alama yake shavuni, machozi yamekauka.

"Baba yuko nje," alisema. "Nilimwona dirishani. Mwalimu akasema niingie hapa nikae kimya kama kitabu."

Nikamtazama kaka yangu. Kaka yangu akatazama sakafu, na hapo nikajua.

"Umemleta," nikasema.

"Sikiliza, mdogo wangu."

"Umemleta Dereva!"

"Alikuwa dukani ulipopiga simu! Kila siku anakuja, analia. Mwanaume mzima analia mbele ya wateja! Anasema amebadilika. Anasema akimpata mtoto tu, wewe utafuata kwa miguu yako mwenyewe, mtakaa chini, mtazungumza."

"Nitafuata kwa miguu yangu?"

"Si ndiyo? Mama anamfuata mtoto wake popote! Unataka nini, uolewe na yaya mwenye ndevu?"

Niliokota kiti. Vile viti ni vidogo, lakini miguu yake ni ya chuma. Nilikishusha mgongoni kwa kaka yangu, yeye aliyenibeba mabegani nikiwa na umri wa Kidoti, na kilipotua nilikiinua tena. Mara ya pili kilimpata sikio. Aliporomoka kutoka kifuani kwa Mwalimu, akashika kichwa, akanitazama kama mtu asiyenijua. Mara ya tatu nilishindwa kukiinua.

"Alinivunja bega, kaka!" nilipiga kelele. "Dereva! Hakuna bafu! Hakukuwa na bafu lolote!"

"Unasema nini?"

Mlango ulisukumwa, na Dereva akaingia akizungusha funguo za gari kidoleni. Ana uso mzuri, sitaki kudanganya. Uso huo ndio ulionipeleka nilikopelekwa.

"Mnachelewa nini?" alisema kwa sauti ya mtu aliyekuja kuchukua nguo kwa dobi. Akaona damu. Akaniona mimi na kiti. Akatabasamu. "Ahaa. Na mwenye nyumba yupo."

Kofi lake nililijua, lakini nilikuwa nimesahau uzito wake. Nilikwenda mpaka kwenye meza ya rangi, makopo yakanimwagikia, njano na kijani. Nilipofumbua macho alikuwa ameinama, amemshika Kidoti mkono, anamvuta kutoka chini ya meza kama mtu anayevuta gunia. Kidoti alishika kila kitu: mguu wa meza, mkeka, shati la Mwalimu. Vyote vikamtoka.

Naomba nieleze mlango wa kituo hiki. Komeo lake haliko katikati kama la milango mingine. Liko juu kabisa, karibu na fremu, ili mtoto hata akipanda kiti asilifikie. Dada mpishi hulifunga kwa fimbo. Mwalimu peke yake hulifikia kwa mkono, na ndiyo sababu moja ya kumwajiri, huwa anatania.

Mwalimu Twiga aliinuka. Sijui kwa nguvu gani. Mkono wa kulia unaning'inia, akapepesuka hatua tatu, akauegemea mlango mpaka ukafungwa, akanyoosha mkono wa kushoto juu ya kichwa chake. Nikasikia komeo likiingia.

Alijifungia ndani na watu wawili waliotaka kumuua, ili mtoto mmoja asitoke.

"Toka mlangoni," alisema Dereva.

"Kadi," alisema Mwalimu.

Nilifikiri Dereva atacheka. Hakucheka. Akampiga teke la goti. Mwalimu akayumba, hakuanguka. Akampiga ngumi ya mbavu, halafu nyingine pale pale, kisha akaushika ule mkono uliovunjika na kuuvuta kuelekea chini. Sauti iliyomtoka Mwalimu sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Hakurudisha hata ngumi moja. Mkono mmoja ulikuwa umevunjika, na wa pili ulikuwa juu, umeshika komeo.

Dereva, mtoto kwapani, akaanza kupapasa mlango kwa mkono mwingine. Alipapasa kwenye kitasa, akapapasa chini yake, akapiga ubao kwa kiganja, bila kuinua macho.

"Unafunguliwa wapi huu upuuzi?"

"Juu," Kidoti alimjibu kwa kwikwi, kwa kuwa amefundishwa kujibu akiulizwa. "Sisi hatufiki."

Halafu akamng'ata.

Dereva akampiga mwanangu kofi la uso. Halikuwa na kelele nyingi. Shavu la mtoto ni dogo, na kofi lake linalia kidogo tu.

Mfukoni mwa aproni yangu kuna mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, hauna hata urefu wa kidole. Nimeushika kila siku kwa miaka sita, mkono unaujua. Niliuzamisha kwenye mkono wa Dereva, juu kidogo ya kiwiko, mpaka ukagota mfupa, nikauvuta, nikauzamisha tena. Mkono ulifunguka. Kidoti akaniangukia, nikamfunika kwa mwili wangu mzima na kusubiri kinachofuata, kwa kuwa namjua yule mtu.

"Leo nakuua," alisema Dereva juu ya kichwa changu. "Nilikuahidi na leo naku..."

"Hivi ndivyo ulivyokuwa unateleza bafuni?"

Ilikuwa sauti ya Bucha. Alikuwa bado amekaa chini, damu inamtoka sikioni, na alikuwa hamuulizi Dereva. Alikuwa ananiuliza mimi.

"Hivi ndivyo, kaka."

Bucha akasimama. Alimkamata Dereva kola kwa nyuma. Lile shati nalijua, mshono wake ni wa kiwandani kwetu, na kola haikuachia. Alimzungusha, akampigiza ukutani kwenye bata na sungura, akaanza kazi. Sitaeleza yote. Nilisikia pua, nikasikia meno. Nilisikia Dereva akiomba, kwa maneno yale yale niliyokuwa nikimwomba mimi. Ningeweza kusema "kaka, basi" mapema zaidi. Sikusema. Nilimziba Kidoti masikio nikanyamaza mpaka nilipoona Dereva hainui tena mikono, ndipo nikasema, na kaka yangu akaacha saa hiyo hiyo, akakaa chini kando ya mtu wake akaanza kulia kwa kelele kama mtoto.

Nje watu walikuwa wanagonga. "Fungua! Askari wako hapa!" sauti ya mwanaume ilisema. Mwalimu Twiga hakufungua. Mpaka aliposikia sauti ya dada mpishi, aliyekuwa amekimbia kuita msaada, ikisema, "Twiga, ni mimi, fungua," ndipo aliposhusha komeo. Kisha akashuka yeye mwenyewe, taratibu, mgongo ukiteleza kwenye ubao.

Zahanati iko hatua mia mbili kutoka hapo. Jua lilikuwa linazama tulipokaa kwenye benchi la nje ya chumba cha kufungia bandeji: mimi na rangi ya njano kwenye nywele, Mwalimu na mkono wake uliotiwa plasta mbichi, Kidoti amelala mapajani mwake. Hakukubali kwenda kwa mtu mwingine, na mimi mikono yangu bado ilikuwa inatetemeka. Bucha alikaa upande wa pili, pamba sikioni, askari kando yake. Dereva alikuwa amepelekwa hospitali kubwa, na askari wawili wa kumlinda asije akapona njiani.

Mama alifika akihema, viatu mkononi. Alimtazama Bucha kwanza.

"Mwanangu, wamekufanya nini?"

"Muulize mimi nimefanya nini, mama," alisema Bucha bila kuinua kichwa.

Mama akaelezwa. Alimgusa Kidoti shavu lililovimba, akaondoa mkono haraka. Halafu akanivuta pembeni, akaanza kunong'ona. Mama yangu akinong'ona, mtaa wa pili unasikia.

"Yote ni Dereva. Umesikia? Mlango, mkono wa huyu kijana, kila kitu. Dereva tayari amekwisha, hata akiongezewa hasikii tena. Kaka yako ana duka, ana watoto. Sema mkono umevunjwa na Dereva."

"Mama, haukuvunjwa na Dereva."

"Nani anajua?"

"Mimi najua. Mwenye mkono anajua."

"Utamfunga kaka yako kwa ajili ya mlea watoto?"

"Mama, kituo kile ndicho mahali pekee ambapo mtoto wangu hakutolewa. Msichana wa kazi alimtoa. Wewe ulimtoa. Leo nimemtoa mimi mwenyewe, kwa simu. Huyu amevunjwa mkono hakumtoa. Unataka nimlipe kwa kusema uongo juu ya mfupa wake?"

Nilimwonea huruma, kwa kuwa ni mama yangu na alikuwa anampigania mtoto wake kama mimi nilivyompigania wangu. Kisha akasema, "Ukisema hilo, usije kwangu. Wala usimlete mtoto."

"Nimesikia, mama."

Askari alikuwa ameshafungua daftari. "Haya. Mkono wa huyu bwana ulivunjwa na nani?"

"Na kaka yangu," nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Huyu hapa."

"Ni kweli," alisema Bucha. "Andika. Niliukanyaga. Nilikuwa na viatu vya dukani, vile vizito."

Askari akamgeukia Mwalimu. "Na wewe unataka tumfungulie mashtaka?"

Mwalimu alikuwa anaongea kwa shida, mdomo una nyuzi tano. "Kwa mkono wangu, tutazungumza sisi wenyewe," alisema. "Kwa kuvunja chumba cha watoto na kumwaga damu kwenye mkeka wao, ndiyo. Nataka. Kesho asubuhi nitawaambia nini?"

Bucha alitikisa kichwa kukubali. Walipomwinua, alisimama mbele ya Mwalimu. Akasema, "Mkeka nitanunua mimi," akaondoka na askari. Mama akamfuata, viatu bado mkononi. Hakugeuka kunitazama, na nilimwangalia mpaka kona ikammeza.

Tukabaki watatu. Nililia kidogo. Mwalimu aliniacha nilie, akanipa pembe ya bandeji ya ziada nifutie pua, kama anavyofanya kwa wote.

"Nisamehe," nikasema. "Ulimwona Dereva kwenye gari, ungempa tu mtoto, ungekuwa mzima."

"Nisingekuwa mzima."

"Ulijua kweli nimemtuma kaka?"

"Nilijua inawezekana. Kaka yako si mwongo, ana mkono mzito tu." Alivuta pumzi, ikamuuma mbavu. "Lakini ulisema hata wewe."

Giza lilikuwa linaingia, na kesho kazi inaanza saa moja. Niliinuka, nikanyoosha mikono kumchukua Kidoti. Mkono wa kushoto wa Mwalimu ukamkaza.

"Kadi," alisema.

Nilicheka, kisha nikamtazama, na hakuwa anacheka. Jicho lake moja lililofunguka lilinitazama kama lilivyokuwa likinitazama mlangoni miezi minane, kutoka chini.

"Mwalimu, nimekwambia niliifua."

Akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa ile nusu ya kichwa cha samaki. Ilikuwa na damu pembeni. "Niliichomoa msumarini nilipoona gari," alisema. "Ili asije mtu akakata ya kufanana nayo. Sasa imebaki haina mwenzake."

"Basi?"

"Basi tutakata nyingine. Niombee mkasi kwa nesi."

Nesi alitoa mkasi wa bandeji huku akitushangaa. Mwalimu akachukua bahasha ngumu ya picha ya mfupa wake. Hakuweza kuishika na kuikata kwa mkono mmoja, na huo mmoja ni wa kushoto. Nikaishika mimi. Nashona kola, najua mstari. Nilimwona anakwenda kombo nikatamani kumnyang'anya mkasi, nikajizuia. Vichwa vyetu vilikuwa karibu sana. Alinuka dawa na rangi ya watoto. Alikata mkato mmoja wenye meno. Halafu akaukata mwingine.

"Umekosea," nikasema. "Vimekuwa vitatu."

"Sijakosea."

Akaweka kipande kimoja juu ya goti la Kidoti. "Hiki cha msumarini." Akanipa cha pili. "Hiki chako." Cha tatu akabaki nacho mkononi, na kwa mara ya kwanza jioni ile nilimwona mwanaume huyu anaogopa. Mbele ya Dereva hakuogopa hivyo.

"Miaka saba," alisema, "kila jioni nawavalisha viatu, nawakabidhi mlangoni kwa watu wao, nafunga komeo, naenda kwenye chumba changu peke yangu. Wanaondoka wakiniaga kwa mikono. Nimechoka kuagwa. Nataka siku ukichelewa, kuwe na mtu wa kumchukua pale na kumleta nyumbani. Nyumbani, Mama Kidoti. Mkiniruhusu."

"Kwetu umesikia wanavyosema. Sina tena hata pa kukutambulisha."

"Nitambulishe kwa huyu," akasema, akimwonyesha Kidoti kwa kidevu. "Wengine watakuja wakitaka."

Nilikitazama kile kipande. Nikakichukua mkononi mwake, nikakiingiza kwenye mfuko wa shati lake lililochanika, juu ya moyo, nikakifunga kifungo kwa vidole ambavyo sasa vilikuwa vimetulia.

"Usilifue hili shati," nikamwambia, "kabla hujakitoa."